Ile Ishirini Niliyoigandisha kwa Gundi

Nelima mwanangu,

Mama yako anapiga pasi sketi zako mara ya pili, kana kwamba huko Garissa watakufukuza wakiona mkunjo mmoja. Habari za neti ya mbu, maji ya kuchemsha na kuficha simu njiani sitaziandika. Hizo amekuambia tangu Jumatatu na atazirudia mpaka gari liondoke. Mimi nimeketi kwenye kibanda changu cha kazi, katikati ya mikanda na mawe ya mashine za kusaga, mwanga wa jioni bado unatosha, na nimeazima kalamu yako nyekundu, ile uliyonunua ya kusahihishia vitabu vya wanafunzi. Ukikuta makosa humu, mwalimu, uyaache.

Leo mchana ulipokuwa ukipekua mkoba wako wa zamani ulitoa shilingi ishirini iliyong'oka kiini, imebaki kama pete. Uliivaa kidoleni ukacheka. Ukaniuliza, "Baba, hii nitaifanyia nini?" Kabla sijajibu ukajijibu mwenyewe: "Nitampea konda kesho asubuhi kukiwa bado na giza. Hataona." Mama yako akanitazama. Mimi nikainuka nikatoka nje, nawe ukadhani nimeitwa na mteja.

Sikuitwa na mtu. Nilitoka kwa sababu neno hilo, "hataona," nililisema mimi mwenyewe nikiwa na umri kama wako.

Jibu la swali lako ni fupi. Ipeleke benki. Wakiichukua, vizuri. Wakiikataa, itupe mahali ambapo mtu hataiokota. Utakuwa umepoteza shilingi ishirini, basi, yameisha. Usimpe mtu. Sababu yake ndiyo ndefu, na tumeinyamazia miaka hii yote, mimi kwa aibu na mama yako kwa kunistahi.

Nilitoka kwetu Malakisi nikiwa na miaka ishirini na miwili. Nilikuwa nimechoka na tumbaku ya baba yangu, kuchuma majani, kuyafunga kwenye vijiti, kulisha moto wa banda la kukaushia mpaka nguo zote zikanuka moshi. Nikapata kazi kwenye mashine moja ya kusaga kule Tongaren. Mwenye mashine hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na sheria moja: pesa mbovu ni ya aliyeipokea.

Siku hizo zile ishirini za rangi mbili zilikuwa bado ngeni, watu wanazigeuzageuza mkononi. Jioni moja nikakuta moja kiini chake kinacheza. Nikaibonyeza kwa kidole, kikatoka. Sijui nani alinipa. Nilijua tu kwamba sasa ni yangu, na kwamba ishirini ndiyo ilikuwa chakula changu cha mchana.

Jirani yetu pale alikuwa fundi wa viatu. Nikamwomba gundi kidogo kwenye ncha ya msumari, nikakirudisha kiini mahali pake, nikakipangusa, nikapaka unga wa mahindi kwenye mshono ili gundi isionekane. Ilikaa vizuri sana. Niliionea fahari ile kazi, Nelima, nikamwonyesha fundi.

"Sasa utampea nani?" akaniuliza.

"Si nitatafuta mtu wa macho mabaya. Hataona, bana."

Tukacheka, yeye na mimi.

Kesho yake mapema akaja mama mmoja mzee na mahindi yake kwenye mfuko, kama makopo mawili ya gorogoro hivi. Macho yake yalikuwa na utando mweupe. Akitaka kukutazama alikuwa anainua kidevu, kama mtu anayechungulia juu ya ua. Akanipa noti ya hamsini.

"Saga polepole tu, mtoto. Unga nitachukua jioni. Saa hii niko na safari."

Sikumuuliza safari gani. Nikamrudishia chenji, ile ishirini nikiwa nimeiweka katikati ya nyingine. Akazipapasa moja moja kwa kidole gumba. Alipofika kwenye ile, nilijifanya nafungua mfuko wake wa mahindi. Akazifunga zote kwenye ncha ya leso, akapiga fundo. "Mungu akuongeze," akaniambia.

Alirudi baada ya nusu saa hivi. Mashine ilikuwa inazunguka na foleni imefika mlangoni. Alikuja haraka, mkono mmoja ukigusa ukuta, akafungua kiganja mbele yangu. Pete ilikuwa upande mmoja, kiini upande mwingine.

"Mtoto, hii pesa imeachana. Konda amekataa, ameniambia nishuke. Ni wewe umenipatia?"

Hakuwa ananishtaki. Aliuliza tu. Watu wa foleni wakanigeukia. Fundi wa viatu akaacha kugonga. Nje lori lilikuwa limemaliza kupakia mahindi, linaelekea Bungoma, dereva ameshawasha injini.

"Hapana, kuukhu," nikasema, kama tunavyomwita nyanya kwetu. "Hiyo si yangu. Pengine umepewa kwingine."

"Sijapita kwingine."

"Si yangu!"

La pili nililisema kwa sauti kubwa, kwa sababu ya kelele ya mashine, na kwa sababu nilitaka kila mtu asikie. Akabaki amesimama kidogo, kidevu juu. Kisha akaviweka vile vipande viwili kwenye ukingo wa mizani, taratibu, kama anaogopa kumwaga kitu. "Basi wacha nikuachie," akasema. Akageuka akaenda zake. Lori nalo likaondoka. Jioni jirani yake ndiye aliyekuja kuchukua unga.

Vile vipande nilivitupa chooni. Na usidhani sikupata usingizi. Nililala vizuri kabisa, mwanangu, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Mwaka uliofuata nikahamia Kitale kujifunza ufundi wa hizi hizi mashine. Hapo ndipo nilipompata mama yako. Alikuwa na cherehani kwenye veranda ya duka moja, na mimi nilikuwa na suruali ambayo kila wiki ilikuwa inachanika mahali papya. Siku moja akaniambia, "Wewe, hii suruali unaipasua kwa makusudi ama?" Nikakiri. Ilikuwa rahisi kumkiria Nanjala mambo madogo madogo. Aliponiambia kwao ni Tongaren, nilimkumbuka yule mama, lakini nikajiambia Tongaren ni kubwa.

Nikaenda kujitambulisha, mimi na baba yangu mdogo na mzee mmoja wa kanisa. Baba yake mama yako alikuwa ameshafariki, kwa hiyo aliyetupokea ni ndugu mkubwa wa marehemu, Mzee Barasa, yule unayemjua, asiyecheka mpaka aone sababu mbili. Tukaketishwa kwenye viti vilivyofunikwa vitambaa vyeupe. Harufu ya kuku ilikuwa inatoka jikoni. Nikasalimia watu wote, mulembe huku na mulembe kule. Kwenye kona alikuwa ameketi mama mzee. Nilipomshika mkono hakuuachia.

"Salamia tena," akasema.

Nikamtazama usoni, nikayaona yale macho. Sasa yalikuwa meupe kabisa.

Ndiyo, Nelima. Alikuwa kuukhu Nasambu, mama yake Mzee Barasa, nyanya ya mama yako.

Nikasalimia tena, kwa sauti nyembamba ambayo si yangu. Akaniachia. Nikakaa. Mzee Barasa, katika maongezi ya kawaida tu, akaniuliza, "Huku kwetu unakujua? Umewahi kukaa?"

"Nimepita tu, mzee."

Hapo hapo kuukhu akasema anataka kuota jua, na kwamba atakayemtoa nje ni mgeni. Watu wakacheka, wakaona ni heshima nimepewa. Nikamshika mkono nikamtoa mpaka nyuma ya nyumba, mahali walipokuwa wameanika mahindi. Alisubiri mpaka akahakikisha hakuna mtu.

"Umepita tu?" akaniuliza.

Nikainama nikasukuma kwa kiganja punje zilizotawanyika.

"Ulisema 'si yangu' mara mbili. Mimi nimeishiwa macho, sijaishiwa masikio. Sasa niambie, mtoto. Ilikuwa yako ama haikuwa yako?"

Ningeweza kukana tena. Nilipima, sitakudanganya. Nilisikia mama yako anacheka jikoni, nikapima kicheko chake na neno la mama kipofu ambaye hakuna mtu angemwamini. Kisha nikasikia mdomo wangu unasema:

"Ilikuwa yangu, kuukhu. Niliigandisha kwa gundi."

Akashusha pumzi ndefu, mpaka mabega yakashuka.

"Afadhali," akasema. "Miaka mitatu najiuliza kama ni mimi nilikosea. Nikasema pengine uzee umeniingia kichwani, nimeanza kusingizia watoto wa watu."

Hapo ndipo nilipolia, mwanangu. Nilidhani nilikuwa nimemnyang'anya shilingi ishirini, kumbe nilimwachia shaka juu ya akili yake mwenyewe, akaibeba miaka mitatu.

"Utawaambia?" nikamuuliza.

"Mimi? Mimi nilisema yangu siku ile. Ingia wewe useme yako."

Tukarudi ndani. Sikukaa. Nikawaambia yote nikiwa nimesimama, kuanzia kwa fundi wa viatu. Mama yako aliingia na sinia la chakula nikiwa katikati ya maneno. Akasimama nalo mpaka mwisho, kisha akaligeuza akarudi nalo jikoni.

Mzee Barasa akamtazama mama yake, kisha akanigeukia mimi.

"Unajua siku hiyo alikuwa anaenda wapi?"

"Sijui, mzee."

"Madaktari wa macho walikuwa wamekuja Bungoma. Siku mbili tu, na hiyo ilikuwa ya mwisho. Wanapasua bure. Waliandika watu mpaka saa nne asubuhi, wakafunga. Yeye alirudi hapa akatuambia gari lilijaa. Hakutaja mtu."

Nikakumbuka lile lori. Shilingi ishirini na neno moja kwa dereva, kuukhu angefika kabla ya saa nne.

"Chukueni makoti yenu," Mzee Barasa akasema.

Tukatoka bila kula. Tulipofika barabarani baba yangu mdogo aligeuka kuitazama ile nyumba. Hapo akasema, "Na ile kuku ilikuwa imeiva." Mpaka leo sijui alikuwa ananifariji au ananilaumu.

Mama yako alihamisha cherehani yake upande wa pili wa mji. Nikimsalimia, anaongea na kitambaa chake. Miezi miwili ikaenda hivyo. Nilimwandikia barua tatu, nikazichana, kwa sababu zote zilikuwa zinanitetea mimi: nilikuwa kijana, nilikuwa na njaa, mwenye mashine alikuwa mkali. Yote yalikuwa kweli na hayakuwa na maana. Mwisho nikaacha kuandika, nikaenda hospitali ya Bungoma kuuliza habari za macho. Wakaniambia siku ya kumleta mgonjwa.

Nikaenda Tongaren peke yangu. Nilimkuta Mzee Barasa anapiga jembe. Hakuitikia salamu.

"Sijaja kwa sababu ya msichana," nikamwambia. "Nimekuja kwa sababu ya macho ya kuukhu. Nataka nimpeleke hospitali."

"Nani amekuambia atakubali kwenda na wewe?"

Hapo hapo sauti ya kuukhu ikatoka ndani ya nyumba: "Niletee leso yangu ile nzuri." Akatoka ameshavaa viatu. Nadhani alikuwa amenisikia tangu nilipofungua lango.

Huko Bungoma daktari akamkagua kwa kitochi chake, kushoto, kulia, kushoto tena. Akasema jicho la kulia litapasuliwa na ana matumaini. La kushoto limekaa sana, ndani kumeharibika, halitaona. "Kama angeletwa miaka miwili, mitatu nyuma," akasema, "tungeokoa yote mawili." Alisema bila kujua anamwambia nani. Kuukhu alitafuta mkono wangu akaupiga kofi dogo, kama unavyomtuliza mtoto anayechomwa sindano.

Asubuhi ya kufunguliwa bandeji nilisimama miguuni pa kitanda. Nilipogeuka nikamwona mama yako mlangoni. Mzee Barasa ndiye aliyempelekea habari. Hakunisalimia. Nesi akatoa pamba, akampangusa kuukhu, akamwambia afungue polepole.

Kitu cha kwanza alichotazama ni mikono yake. Akaigeuza juu na chini. "Kumbe nimezeeka hivi," akasema. Kisha akainua uso akanitazama mimi, kwa muda, na jicho lake jipya likiwa jekundu, linatoka machozi.

"Huyu ndiye?"

"Ni mimi, kuukhu."

"Mbona mfupi hivi? Kwa sauti nilidhani ni mtu mrefu."

Nesi akacheka. Mama yako akajizuia, ikashindikana, kikamtoka kile kicheko chake cha kukoroma ambacho wewe umekirithi. Kuukhu akamgeukia: "Na wewe Nanjala, mbona umesimama mbali? Mtu ni mfupi, lakini amekuja."

Tulioana mwaka huo huo. Mzee Barasa alikubali, ila siku ya karamu ya harusi alihakikisha mimi nimepewa shingo ya kuku na mabawa tu. Nilikula nikashukuru.

Kuukhu akaja kukaa nasi hapa Kitale. Unamkumbuka kidogo, ulikuwa na miaka minne alipotuacha. Alikuwa anakaa karibu na cherehani akimtungia mama yako uzi kwenye sindano, kwa jicho lile moja, na hakukubali mtu mwingine afanye kazi hiyo. Alikuogesha. Alikufundisha kuhesabu kwa punje za mahindi, kila zikifika kumi anazimwaga kwenye kikombe, ndiyo maana mpaka darasa la kwanza ulikuwa unadhani baada ya kumi kuna "kikombe."

Usidhani nilipona kabisa ule ugonjwa wa kusema "si yangu." Unakumbuka habari ya koleo? Ulikuwa darasa la saba. Koleo yangu ilipotea, nikasema wewe ndiye uliyeichezea, nikakuchapa mbele ya wateja. Jioni ile ile niliikuta kwenye mfuko wa koti langu. Nilikaa nayo siku tatu, Nelima. Siku tatu, mtu mzima, mzee wa kanisa, naficha koleo kwa sababu sikujua nianzie wapi kumwomba mtoto msamaha. Nilipokuambia hatimaye, ulikuwa unaosha vyombo. Ukasema, "Sawa baba, sasa si umesema," ukaniomba nisogee nisikuzibe mwanga. Hujui ulichonipa siku ile. Nilitoka nje nikazunguka nyumba mara mbili ndipo nikaweza kurudi ndani.

Huko unakokwenda utakuwa na watoto arobaini, hamsini mbele yako, na utakosea mbele yao. Mimi sina la kukufundisha juu ya kufundisha. Nakuambia tu nilivyogundua mimi: maneno "ilikuwa yangu" yanatisha kabla hujayasema, na ukishayasema unashangaa ulikuwa unaogopa nini.

Nimebakiwa na jambo moja, kisha nikuache ukale, maana nasikia mama yako anagonga sufuria kwa hasira.

Mwaka wake wa mwisho nilimuuliza kuukhu kama alinisamehe. Tulikuwa tumekaa hapa nje ya kibanda, wewe unakimbiza kuku wa jirani bila viatu. Nilikuwa nimelibeba swali hilo miaka yote, nikiogopa kuliuliza na nikiogopa afe sijaliuliza. Alifikiri. Hakuwa mtu wa kukupa jibu tamu ili unyamaze.

"Kusahau sijasahau," akasema. "Kila asubuhi nikiamka nafungua macho mawili, moja linakataa. Hapo nakukumbuka wewe, kidogo naudhika."

"Halafu?"

"Halafu hili lingine linaniletea huyo." Akakunyooshea kidole. Ulikuwa umemkamata kuku, umemkumbatia, manyoya mdomoni. "Nakaa namtazama mpaka chai inapoa. Nikimaliza kumtazama, nimesahau nilikuwa nimeudhika na nani."

Nenda salama, mwalimu wangu. Nimeshukuru kukulea.

Baba yako